Darasa la kidato cha pili lililokuwa linafeli Kiingereza: kisa kizima kutoka shule moja ya kata mkoani Dodoma

Hiki ni kisa cha kweli. Jina la shule, kijiji, walimu na wanafunzi nimeyaondoa na vitu vingine vidogo nimevificha ili isijulikane ni wapi. Naandika kwa ajili ya walimu wa lugha walioko shule za kata kama hii, wenye darasa kubwa, vitabu vichache na mtihani wa taifa unawasubiri mbele.

Shule na darasa lenyewe

Shule iko kwenye moja ya wilaya za mkoa wa Dodoma, mbali kidogo na lami. Wazazi wengi ni wakulima wa mtama, uwele na alizeti, na wengine wafugaji. Nyumbani watoto wanaongea Kigogo, Kiswahili wamekishika vizuri shule ya msingi, na Kiingereza walianza kukisoma darasa la tatu kama somo tu, kipindi kikiisha wanarudi kwenye Kiswahili chao. Alafu Januari inafika wanaingia kidato cha kwanza na ghafla baiolojia, jiografia, historia, hesabu, karibu kila kitu ni Kiingereza ukitoa masomo machache kama Kiswahili chenyewe. Kuna ile orientation, yani kozi ya kuwazoesha Kiingereza, ya wiki kadhaa mwanzoni mwa kidato cha kwanza, inasaidia, ila hapa wengi walichelewa kuripoti kwahiyo waliikuta imeshaisha.

Darasa tunaloliongelea ni mkondo mmoja wa kidato cha pili, watoto kama tisini kwenye chumba kimoja. Wengine wanatembea saa nzima kuja shule, wengine wamepanga mageto jirani na wanajipikia wenyewe. Mtihani wa kumaliza kidato cha kwanza zaidi ya nusu walipata F ya Kiingereza, na kwa madaraja ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) F ni 0 mpaka 29, D inaanzia 30, C inaanzia 45. Novemba wana upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, na anayeshindwa upimaji ule anakariri mwaka, kwahiyo haikuwa mambo ya aibu ya ubao wa matangazo tu, kuna watoto wakikariri wazazi wanawaambia basi inatosha, njoo tulime.

Mwalimu wa somo nitamwita Mwalimu N. Anajituma sana na nalisema mapema kwasababu visa vya aina hii huwa vinaishia kumbebesha mwalimu lawama zote. Alikuwa na vipindi vingi kupita kiasi, madaftari yanajaa meza, na skimu ya kazi yake, yani mpango wa kufundisha wa mwaka, iko sawa kabisa kwenye makaratasi. Mimi niliingia kugawana naye darasa lile baada ya mkuu wa shule kuona matokeo.

Tulianza kwa kutafuta wanafeli nini hasa

Maelezo yaliyokuwa yanazunguka ofisini ni kwamba hawa ni vilaza, hawasomi, na hawaongei Kiingereza. Dawa iliyokuwa inatumika ni mbili: kurudia tensi ubaoni mpaka zikae kichwani, na kuwalazimisha waongee. Kwenye mlango wa ofisi ya walimu kulikuwa na lile karatasi ambalo walimu wengi mnalijua, No English No Service, na anayekamatwa akiongea Kiswahili anapewa adhabu.

Tukasema kwanza tupime. Tulichukua stori fupi ya mtihani wa zamani wa kidato cha pili na tukafanya vitu vitatu kwa siku tofauti. Cha kwanza, tuliwapa stori ya ugumu ule ule kwa Kiswahili na maswali kwa Kiswahili. Wakafanya vizuri, hata wale wa mkiani, tena yale maswali ya "kwanini unadhani" waliyajibu kwa akili kabisa. Cha pili, tuliwapa ile ya Kiingereza wajibu kama mtihani. Cha tatu, na hiki ndo kilichotufungua macho, tuliwapa maswali yale ya Kiingereza tukawaambia msijibu, andikeni kwa Kiswahili kila swali linataka nini.

Wengi hawakujua. Swali linauliza kwanini, yeye anaandika linauliza nani. "Mention two" (taja mbili) na "explain two" (eleza mbili) kwao ni kitu kimoja. Tulikaa na mabinti wachache tukawauliza huwa mnajibuje, mmoja akatuambia bila kuficha: "Madam, mi huwa naangalia neno la kwenye swali, nalitafuta kwenye stori, nikiliona nanakili hiyo sentensi yote." Tukarudi kwenye karatasi zake zote za nyuma na kweli, ndivyo alivyokuwa anafanya toka kidato cha kwanza, na mara moja moja sentensi ilikuwa inaangukia kwenye jibu sahihi anapata maksi, kwahiyo kwa upande wake njia ilikuwa inalipa.

Hili jambo sio la shule yetu peke yake. NECTA kila mwaka wanatoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, ziko bure kwenye tovuti yao, na mwalimu yoyote akizisoma atakuta hiyo ya mtahiniwa kutokuelewa swali linataka nini inajirudia. Na ni jambo la zamani, mana mwaka 1984 Criper na Dodd walifanya utafiti wao kuhusu Kiingereza kwenye elimu ya Tanzania wakakuta wanafunzi wengi wa sekondari kiwango chao kiko chini mno kuweza kujifunzia masomo kwa lugha hiyo.

Kwahiyo picha iliyobaki mezani ilikuwa hii: watoto wanafikiri vizuri, tensi wanazikariri, lakini hawajawahi kusoma Kiingereza cha kutosha kinachowafaa kwa kiwango chao, na hakuna aliyewafundisha kusoma swali. Nguvu zote zilikuwa zinaenda kwenye kuongea na grama, wakati F zilikuwa zinatoka kwenye kusoma.

Maamuzi, na mabishano yaliyokuwepo

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kugawa vipindi vya wiki nusu kwa nusu, nusu vinaenda na silabasi kama kawaida, nusu vinakuwa vya kusoma na kuandika kidogo. Mwalimu wa taaluma alipinga na hoja yake ilikuwa ya maana, kwamba wathibiti ubora, yani wakaguzi wa shule, wakija wakakuta skimu iko nyuma tutajibu nini. Tulichofanya ni kuandika andalio la somo la vile vipindi vya kusoma kwa utaratibu ule ule, likionyesha umahiri unaolengwa, mana kusoma kwa ufahamu kumo ndani ya silabasi yenyewe, ila topiki za mwisho tukakubaliana kuzibana. Mkuu wa shule alikubali kwa sharti kwamba baada ya miezi miwili aone mabadiliko kwenye testi.

La pili, vitabu vya kusoma tupate wapi. Kitabu cha kiada cha kidato cha pili kilikuwa kigumu mno kwao, kila mstari maneno sita hawayajui, mtu hawezi kusoma hivyo akaendelea. Tukaenda shule ya msingi jirani tukaazima vitabu vya Kiingereza vya darasa la nne mpaka la saba, na vile vitabu vidogo vya hadithi ambavyo vilikuwa vimelala kabatini na vumbi lake. Mwalimu mkuu wa pale alitupa bila shida, tukasaini. Shida ikawa aibu, kijana wa kidato cha pili ashike kitabu cha darasa la nne wenzake wa mkondo wa pili wanamchungulia dirishani! Mwalimu N. akavijalidi vyote kwa karatasi ya kaki na kuviandikia namba badala ya darasa, moja mpaka tano, na kila mtoto akaanzia namba ambayo akisoma ukurasa mmoja anakwama maneno machache tu. Kuna waliokaa namba moja muda mrefu na hatukuwaharakisha.

La tatu ni Kiswahili. Tuliondoa adhabu ya kuongea Kiswahili darasani kwetu, na tukamuomba mkuu lile karatasi la mlangoni litolewe, kwasababu mtoto asiyejua kuuliza kwa Kiingereza alikuwa haulizi kabisa, ndo maana hakuna aliyekuwa anakuja ofisini. Walimu wawili watatu hawakufurahi. Wao waliona tunashusha kiwango. Tulichowaambia ni kwamba Kiswahili tutakitumia kwa kazi maalum, yani kueleza swali linataka nini na kuhakikisha mtoto ameelewa stori, alafu jibu linaandikwa kwa Kiingereza. Na ikawa hivyo, mtu asidhani kipindi kizima kiligeuka Kiswahili.

La nne lilikuwa gumu kuliko yote na nataka nilieleze vizuri. Mwalimu wa taaluma alipendekeza tuwachukue wale waliopata kati ya 22 na 29, tuwape muda wote, mana hao ukiwasukuma kidogo wanavuka 30 na asilimia ya ufaulu ya shule inapanda haraka. Kimahesabu ni kweli. Tulikataa. Mtoto mwenye 9 ndo anayekaribia kuacha shule, ukimuonyesha kwamba hayumo kwenye hesabu ataondoka, na mwenye 40 naye anahitaji kusogea, kwasababu D ya Kiingereza haimsaidii kuelewa baiolojia ya kidato cha tatu. Mkuu wa shule alituunga mkono hapa, na kwakweli bila yeye tusingeweza.

Ilivyokwenda mwaka mzima

Kwenye ukuta tulibandika manila moja kubwa yenye maneno ya maswali tu: mention, explain, outline, differentiate, complete, rewrite, give reasons. Kila neno lina maelezo ya Kiswahili kwa mstari mmoja na mfano wa jibu fupi. Mwanzo wa kila kipindi dakika chache, maswali mawili matatu kutoka somo lolote, hata baiolojia, swali linasomwa na mtoto anasema linataka nini na jibu lake litakuwa la neno moja, sentensi moja au maelezo. Hatujibu. Tunasoma swali tu. Ilionekana kama mchezo mwanzoni lakini baada ya wiki chache darasa zima lilikuwa linabishana, huyu anasema sababu mbili, yule anasema hapana ni tofauti mbili, na huo ubishi ndo tuliokuwa tunautaka.

Kusoma walisoma wawili wawili, kitabu kimoja, mmoja anasoma kwa sauti ya chini mwenzake anafuatilia, wakimaliza ukurasa anayefuatilia anasimulia kwa Kiswahili kilichotokea alafu wanabadilishana. Kelele zilikuwepo, mwalimu wa darasa la jirani alilalamika, tukahamia chini ya mti pale hali ya hewa iliporuhusu.

Kuandika ilikuwa sentensi tano kwa wiki, basi. Watoto tisini huwezi kusahihisha insha tisini kila wiki, ukijaribu utasahihisha wiki mbili alafu utaacha. Kila wiki tulikuwa na kosa moja tunalolifuatilia, wiki hii ni he na she, mana walikuwa wanaandika "my mother he", wiki ijayo ni ile s ya mwisho wa kitenzi, wiki nyingine ni kusahau is na are. Watoto wanabadilishana madaftari, wanapigia mstari kosa la wiki hiyo tu, mengine yote wanayaacha, na sisi tunapitia madaftari ya safu mbili kila wiki kwa zamu kuona wanasahihishana vizuri. Mwalimu N. alisema kwa mara ya kwanza toka aajiriwe alikuwa anaenda nyumbani bila mzigo wa madaftari.

Jumamosi tulipanga kipindi cha ziada. Hakikufanikiwa kabisa. Mabinti wana kazi za nyumbani, maji na kuni, vijana siku ya mnada wanaenda na ng'ombe wa baba zao, na waliokuwa wanakuja ni wale wale wanaofanya vizuri tayari, kwahiyo kipindi kilikuwa kinaongeza pengo. Tulikiacha, tukachukua zile dakika baada ya makande ya mchana, ambapo watoto wote wapo shuleni na wameshiba, wakawa wanasoma vile vitabu vya kaki kimya kimya.

Alafu ikaja miezi ya kuamia ndege. Mtama na uwele ukianza kukomaa mtoto anakaa kwenye dungu shambani toka alfajiri kufukuza ndege, na shule inasubiri. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha kikao cha wazazi, akafungua na mbukwenyi, salamu ya Kigogo, wazazi wakaitikia, na mzee mmoja akasimama akasema: "Mwalimu, tunakusikia, lakini ndege hawangoji tufunge shule. Huyu mtoto akija shuleni mwezi huu, mwezi wa saba tutakula nini?" Hilo swali halina jibu rahisi na hatukujifanya tunalo. Tulichokubaliana ni mtoto aje angalau siku mbili tatu kwa wiki kwa kupokezana na ndugu zake, na akienda shamba aende na kitabu. Baadhi walirudi wamesoma mpaka mwisho. Baadhi ya vitabu vilirudi vimeliwa na mchwa na shule ya msingi tulilazimika kuwaomba radhi na kuvilipia.

Mwezi wa saba na wa nane tulipata mwalimu wa mafunzo kwa vitendo kutoka chuo, akatusaidia sana upande wa kusikiliza watoto wakisoma mmoja mmoja, kazi ambayo mwalimu mmoja na watoto tisini haiwezekani.

Matokeo

Testi ya kwanza baada ya miezi miwili maksi hazikupanda kwa kuonekana, ila kuacha swali wazi na kunakili stori kulipungua sana, na mkuu akaridhika kutuacha tuendelee. Mock ya ndani, yani mtihani wa majaribio wa shule, ndo ilionyesha kusogea. Matokeo ya upimaji wa Novemba yalivyotoka Januari, F zilikuwa zimeshuka toka zaidi ya nusu mpaka kama robo ya darasa, wengi wakaingia D, kundi zuri likaingia C, na B chache. A hakuna.

Hapa naomba mwalimu anayesoma awe makini kwasababu takwimu za darasa zinadanganya kirahisi. Kuna watoto walioacha shule katikati ya mwaka, utoro wa moja kwa moja, na binti mmoja alipelekwa mjini kufanya kazi za ndani, na wengi wa hao walikuwa na maksi za chini. Ukiwatoa hao wastani unapanda wenyewe bila mtu kujifunza chochote. Ndo maana tulirudi tukahesabu wale tu waliokuwepo Januari na Novemba, na kwa hao F zilishuka bado, ila sio kwa kishindo kile cha mwanzo. Pia mkondo wa pili, ambao haukuwa na huu mpango, nao ulipanda kidogo, kwahiyo sehemu ya mafanikio ni mtihani wenyewe au watoto kukua tu. Kilichobaki baada ya kuondoa hayo yote ndo naweza kukitetea, na kipo.

Mwalimu wa baiolojia, ambaye hatukumwomba kitu, alituambia watoto wa mkondo wetu wameacha kuandika maelezo marefu kwenye swali linalotaka kutaja tu.

Nini kilifanya kazi na nini kiligoma

Nikiulizwa kitu kimoja kilichobeba darasa nitasema kusoma swali, kwa sababu kinalipa haraka na hakihitaji hela. Mtoto aliyejua mention na explain alianza kupata maksi kwa ujuzi ambao tayari alikuwa nao. Ila hicho peke yake kingeishia kwenye D. Waliofika C karibu wote ni wale waliopanda namba za vitabu, waliotoka namba moja au mbili wakafika nne na tano, na hao ukiwasikiliza hata kuongea kulikuja bila kulazimishwa.

Kuondoa adhabu ya Kiswahili kulifanya kazi kwa njia ambayo walimu wapinzani hawakuitarajia, watoto walianza kuja ofisini kuuliza, kwanza kwa Kiswahili, baadae kwa kuchanganya. Lile karatasi la mlangoni lilikuwa linawafukuza wale wale tuliotaka waje.

Sahihisho la kosa moja kwa wiki lilidumu mwaka mzima, na kwa mwalimu wa darasa kubwa kudumu ndo jambo kubwa. Lakini lina udhaifu: he na she zilinyooka kwenye zile sentensi tano, ukiwapa barua au insha ndefu makosa yanarudi. Insha ndo tulipoanguka. Sentensi tano kwa wiki hazimfundishi mtoto kupanga hoja, na tulipaswa kufikia aya nzima kuanzia mwezi wa sita ila miezi ya kuamia ndege ilikula muda huo. Hawa watoto sasa wako kidato cha tatu, wanakutana na riwaya na tamthilia na maswali ya insha, na wengi watapata shida hapo.

Kitabu cha kwenda nacho shamba nimekiweka katikati. Kiliwasaidia wachache, wengi wao wenye kaka au dada aliyewahi kusoma, wa kumuuliza. Mtoto aliyeko peke yake kwenye dungu na kitabu ambacho hamna wa kumuuliza alikiweka chini mapema. Kama tungekuwa na nafasi ya kuchagua tena, ningewapa wawili wa mashamba jirani kitabu kimoja.

Mkondo wa pili wa kidato cha pili cha sasa umeanza utaratibu huu Januari, ila mwalimu wao amefanya mabadiliko mawili. Aya badala ya sentensi ameianza mwezi wa tatu, na vitabu vya kaki amevipeleka pia kidato cha kwanza, kwa wale wanaochelewa kuripoti na kuikosa orientation, ili wasisubiri mpaka kidato cha pili ndo mtu agundue kwamba hawasomi swali.